Kaunta ya Tiketi na Gharama ya Kuuza: Historia ya Kufungwa kwa Ofisi za Mauzo za Mashirika ya Ndege

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya ofisi za tiketi za mashirika ya ndege, tangu zilipokuwa sura ya shirika katikati ya mji hadi zilipoanza kufungwa. Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba intaneti ndiyo iliyozifunga. Kwa kufuata mpangilio wa tarehe, makala yanaonesha kwamba uamuzi wa kupunguza gharama ya kuuza tiketi uliyatangulia mauzo ya mtandaoni, na kwamba katika Afrika Mashariki mabadiliko hayo yalisubiri njia ya kulipa zaidi ya njia ya kuweka nafasi. Yanachunguza pia hatima ya kazi ambazo kaunta ilizifanya mbali na kuuza.

Utangulizi

Mwezi Februari 1995 shirika la ndege la Delta la Marekani lilitangaza kwamba halitalipa tena kamisheni ya asilimia 10 bila kikomo kwa mawakala wanaouza tiketi zake za safari za ndani. Tangu hapo wakala angepata dola zisizozidi 50 kwa tiketi ya kwenda na kurudi, na dola 25 kwa tiketi ya kwenda tu, hata kama nauli yenyewe ilikuwa kubwa kiasi gani. Mashirika mengine makubwa ya nchi hiyo yalifuata mkondo huo ndani ya muda mfupi.

Wakati tangazo hilo linatolewa, hapakuwa na shirika kubwa la Marekani lililokuwa likiuza tiketi kupitia tovuti yake. Alaska Airlines ndiyo iliyotangulia kufanya hivyo, nayo ilianza Desemba ya mwaka uleule. Travelocity na Expedia zilifunguliwa mwaka 1996. Barani Ulaya, easyJet iliyoanza kuruka Novemba 1995 ikiwa imeandika namba yake ya simu kwa tarakimu kubwa ubavuni mwa ndege, ilisubiri hadi mwaka 1998 kabla ya kuuza mtandaoni. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1980 watu wachache wenye kompyuta nyumbani waliweza kuufikia mfumo wa SABRE kwa kupitia huduma za kulipia kama CompuServe. Lakini idadi yao haikuwa ya kumtisha wakala yeyote, sembuse kulifanya shirika libadili sera.

Tofauti ya miezi kumi kati ya Februari na Desemba 1995 inaweza kuonekana ndogo. Kwa mwanahistoria inatosha kupindua mpangilio wa chanzo na matokeo. Inadhihirisha kwamba mashirika ya ndege yalikwisha kuamua kuwa muuzaji anayekaa ana kwa ana na mteja ni gharama ya kupunguzwa, kabla mteja hajapewa njia nyingine ya kununua. Intaneti ilikuta uamuzi umeshafanywa, ikautekeleza. Hoja hii ina uzito kwa nchi za kanda hii, kwa sababu sera nyingi za biashara ya kidijitali huandikwa kana kwamba teknolojia ikishafika, kaunta hujifunga yenyewe na hakuna aliyeamua.

Kaunta na kazi zake

Uuzaji wa safari kwa mkono wa wakala haukuanza na ndege. Katika pwani ya Afrika Mashariki, kampuni ya Smith Mackenzie ilikuwa wakala wa meli za British India Steam Navigation tangu karne ya 19, na msafiri wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam aliyetaka kwenda Bombay alipita katika ofisi ya namna hiyo. Ndege zilipokuja zilikuta utaratibu uliokwisha kukomaa. Wilson Airways ilianzishwa Nairobi mwaka 1929; njia ya Imperial Airways kutoka Uingereza ilifika Mwanza mwaka 1931 na Cape Town mwaka 1932. East African Airways ilianza kazi mwaka 1946 ikiwa na ndege sita ndogo za aina ya Dragon Rapide, mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977, pamoja na Jumuiya yenyewe, kila nchi ilibaki kujenga la kwake. Kenya Airways iliundwa Januari mwaka huo na Air Tanzania mwezi Machi. Uganda ilikuwa imeanzisha Uganda Airlines mwaka uliotangulia. Nchi jirani zilikuwa na mashirika yao pia: Air Zaïre, Air Burundi, Air Rwanda. Ndege zilikuwa chache na mara nyingine hazikuruka, lakini ofisi ya mjini ilikuwapo. Jengo la ATC katika Mtaa wa Ohio, Dar es Salaam, lilijulikana hata kwa watu ambao hawakuwahi kupanda ndege. Mtu asiyeweza kuiona ndege aliweza kuliona shirika: kioo kikubwa, ramani ya njia ukutani, mfano wa ndege juu ya meza, na karani aliyevaa sare. Kwa dola changa, ofisi hiyo ilikuwa sehemu ya heshima ya taifa kama ilivyokuwa bendera kwenye mkia wa ndege.

Ni rahisi kuishia hapo na kuiona kaunta kuwa pambo. Kazi iliyofanyika nyuma yake ilikuwa nzito. Tiketi ilikuwa kijitabu chenye kuponi, moja kwa kila hatua ya safari, na karani aliiandika kwa mkono; maandishi yalipenya katika kuponi zote kwa wino mwekundu wa kaboni. Kabla ya kuandika alipaswa kuikokotoa nauli, kwa kuwa safari yenye mashirika matatu na sarafu mbili haikuwa na bei moja iliyobandikwa mahali. Alitafuta ratiba katika kitabu kinene cha ABC World Airways Guide, akaomba nafasi kwa teleksi, na pengine akamwambia mteja arudi kesho kupata jibu. Alikagua cheti cha chanjo ya homa ya manjano na viza, akilinganisha na mwongozo wa IATA wa masharti ya kuingia kila nchi, kwani abiria aliyekataliwa huko aendako angerudishwa kwa gharama ya shirika. Msafiri aliyekuwa ugenini alilazimika kuthibitisha safari ya kurudi saa 72 kabla ya kuondoka. Asipofanya hivyo nafasi yake iliweza kupewa mwingine.

Kulikuwa na kazi nyingine mbili ambazo hazitajwi sana. Ya kwanza ni tiketi iliyolipiwa mbali. Ndugu aliyeko London au Muscat alilipa katika ofisi ya shirika huko, taarifa ikatumwa kwa teleksi, na mama yake akaenda kuchukua tiketi katika ofisi ya Dar es Salaam au Mombasa kwa kuonesha pasipoti tu. Hii ilikuwa njia ya kutuma thamani ya fedha nyumbani bila fedha yenyewe kuvuka mpaka, miaka mingi kabla ya simu kufanya kazi hiyo. Ya pili ni udhibiti wa fedha za kigeni. Katika miaka ambayo benki kuu ziligawa fedha hizo kwa kibali, karani wa tiketi alikuwa mlangoni mwa mfumo mzima: tiketi ya kimataifa ni huduma inayolipiwa nje, na bila karatasi za benki haikuandikwa. Tanzania ililegeza masharti hayo kwa sheria ya mwaka 1992, na Kenya ikafanya hivyo katika miaka iliyofuata. Kaunta ikapoteza kazi moja ya dola bila mtu kutambua kwamba ilikuwa imepungukiwa na sababu moja ya kuwapo.

Tarehe zinasema nini

Kompyuta iliingia katika biashara ya tiketi mapema kuliko katika biashara nyingi. SABRE, mfumo uliojengwa na American Airlines kwa kushirikiana na IBM, ulikuwa ukifanya kazi kwa ukamilifu kufikia mwaka 1964. Mwaka 1976 mitambo yake ilianza kuwekwa katika ofisi za mawakala, na mwaka 1987 mashirika manne ya Ulaya (Air France, Lufthansa, Iberia na SAS) yaliunda Amadeus. Kwa miaka ipatayo 20, basi, kompyuta ilimtia nguvu karani na wakala badala ya kuwaondoa. Abiria alikaa upande mmoja wa skrini na karani upande wa pili, na aliyejua alama za mfumo ndiye aliyeweza kuiona nafasi. Mashine ileile iliyokuja kulaumiwa kwa kuwafukuza makarani ndiyo iliyowafanya wasiepukike.

Kilichobadilika ni hesabu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1978 iliyoondoa udhibiti wa nauli ilizilazimisha kampuni kushindana kwa bei, na kila gharama ikaanza kutazamwa upya. Gharama ya mafuta haikuwa mikononi mwa mashirika. Mishahara ya marubani ililindwa na vyama vya wafanyakazi. Kamisheni ya wakala haikuwa na mlinzi wa aina hiyo. Baada ya kikomo cha mwaka 1995, kiwango kilishushwa hadi asilimia 8 mwaka 1997 na asilimia 5 mwaka 1999. Machi 2002, miezi sita baada ya mashambulizi ya Septemba yaliyoyatia mashirika hasara kubwa, Delta ilifuta kabisa kamisheni ya msingi, na wenzake wakafuata. Katika miaka hiyohiyo mashirika makubwa ya Marekani yalizifunga kwa wingi ofisi zao za tiketi za mijini, na British Airways ikayafunga maduka yake ya safari ndani ya Uingereza. Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa kwamba wateja wamehamia mtandaoni. Hilo lilikuwa kweli kufikia wakati huo. Lakini mteja aliyehama alikuwa ameoneshwa njia: nauli nafuu zaidi ziliwekwa kwenye tovuti, na aliyekwenda dukani akatozwa ada ya huduma. Aliyesukumwa akahesabiwa kuwa amechagua.

Upande wa sheria nao una tarehe zake. Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929 ulimtaka msafirishaji ampe abiria tiketi. Asipofanya hivyo hakuruhusiwa kujikinga kwa viwango vya ukomo wa fidia vilivyowekwa na mkataba huo. Karatasi ilikuwa, kwa maneno mengine, ngao ya shirika mahakamani, na hapakuwa na mwanasheria wa shirika ambaye angekubali iondolewe hivihivi. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 uliruhusu njia nyingine yoyote inayohifadhi taarifa za safari itumike badala ya hati, na ulianza kutumika Novemba 2003. Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi zilizouridhia kabla haujaanza kutumika. Mwaka 2004 IATA iliamua kuifuta tiketi ya karatasi, na tangu Juni 1, 2008 mashirika wanachama yaliacha kuitoa kupitia mfumo wake wa mawakala. IATA ilieleza kwamba tiketi ya karatasi iligharimu takriban dola 10 kuishughulikia, ilhali ya kielektroniki iligharimu dola moja, na kwamba sekta ingeokoa hadi dola bilioni 3 kwa mwaka.

Afrika Mashariki: kikwazo cha malipo

Ukomo huo wa mwaka 2008 uliikuta kanda hii katika hali ya pekee. Tiketi ilikuwa sasa namba katika kompyuta, na mtu aliyekaa katika mgahawa wa intaneti mjini Mwanza, Kisumu au Mbarara aliweza kuiona nafasi yake kwenye tovuti sawasawa na mtu wa Amsterdam. Hakuweza kuilipia. Tovuti ilidai kadi ya benki inayokubalika kimataifa, na wengi wa abiria wa kanda hawakuwa nayo. Wengine hawakuwa na akaunti ya benki kabisa. Matokeo yake yalikuwa mchanganyiko ambao vitabu vya biashara havikuutabiri: abiria alitafuta bei mtandaoni, akaiandika kwenye kipande cha karatasi, akabeba noti zake hadi kwa wakala au ofisi ya shirika ili auziwe alichokwisha kukiona.

Hii ndiyo sababu kaunta za kanda ziliishi muda mrefu kuliko zile za London. Watafiti wengine hupenda kueleza jambo hili kwa utamaduni, kwamba Mwafrika anapenda kuonana uso kwa uso. Maelezo hayo ni mepesi mno. Mtu huyohuyo aliyesemekana kupenda kuonana uso kwa uso alianza kutuma mshahara wake kwa simu mara tu alipopewa njia. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007 na Tanzania Aprili 2008. Huduma ya MTN ikaanza Uganda mwaka 2009 na Rwanda mwaka 2010. Mashirika ya ndege yalichelewa kuziunganisha huduma hizo na mifumo yao, na kuchelewa huko ndiko kulikoipa kaunta umri.

Fastjet ilipoanza safari za Tanzania Novemba 29, 2012, kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, ilikuja na mtindo wa nauli nafuu ambao ndani yake ofisi ya tiketi ni anasa. Mtindo huo usingesimama kwa kadi za benki pekee. Uliwezekana kwa kuwa abiria aliweza kuweka nafasi, akapewa namba ya kumbukumbu, akalipa kwa simu na kupata ujumbe wa uthibitisho. Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways iliyoanza kuruka Aprili 2014, ilifuata njia kama hiyo nchini Kenya. Watu wengi waliokuwa wakisafiri kwa basi usiku kucha walipanda ndege kwa mara ya kwanza bila kuwahi kuingia katika ofisi ya shirika lolote. Faida hiyo ni kubwa, na makala haya hayana nia ya kuipuuza.

Hata hivyo ni vyema kutazama fedha ilipita wapi. Kabla simu haijalipa, mtu alitia noti kwenye simu kwa wakala, aghalabu katika kibanda chenye mwavuli kando ya barabara. Kwa hiyo kaunta haikutoweka. Iligawanyika vipande vidogo vikasambaa mitaani, na mtu anayepokea noti za nauli leo hana uhusiano wowote na shirika la ndege, hajui safari inakwenda wapi, na hawezi kuulizwa.

Kazi zilizobaki bila mwenyewe

Suala la nani aulizwe lilijitokeza wazi Desemba 2018. Fastjet ilifuta safari zake nchini Tanzania, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikatoa notisi ya kusudio la kuifutia leseni. Mwenye tiketi ya mwezi uliofuata alikuwa na ujumbe kwenye simu. Mwaka 1977, East African Airways ilipoanguka, msafiri alikuwa na kijitabu mkononi na jengo la kwenda kusimama mbele yake. Huenda hakulipwa haraka, lakini alijua mlango wa kugonga, na mashirika mengine yaliyoitambua tiketi hiyo yaliweza kuombwa yamchukue. Shirika la nauli nafuu kwa kawaida halina mapatano ya aina hiyo na wenzake. Tiketi yake ni ahadi ya kampuni moja tu.

Tatizo lilirudi kwa upana zaidi Machi 2020, anga ya nchi moja baada ya nyingine ilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Duniani kote mashirika yaliyokuwa yameishiwa fedha yaliwapa abiria hati za kusafiri baadaye badala ya kuwarudishia nauli. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ilikuwa inataka nauli irudishwe ndani ya siku saba pale safari inapofutwa, na Tume ya Ulaya ilisisitiza kwamba haki hiyo haikusitishwa. Utekelezaji ulisuasua hata huko, lakini abiria alikuwa na kifungu cha kutaja. Abiria wa Jumuiya ya Afrika Mashariki alitegemea masharti yaliyochapishwa na kampuni yenyewe, aliyoyakubali kwa kubonyeza kisanduku, mara nyingi katika lugha asiyoitumia nyumbani. Alipotaka kuuliza, alipewa anwani ya baruapepe au namba ya kituo cha simu iliyolia bila kupokewa.

Kwa washauri wa sera, swali linalotokana na historia hii si kama ofisi zirudishwe. Kodi ya pango katikati ya jiji ni kubwa, na hakuna sababu ya kumlazimisha msafiri apange foleni kwa kitu anachoweza kukifanya akiwa nyumbani. Swali ni kazi zipi zilizokuwa zikifanyika pale zimebaki bila mwenyewe, na ni nani anayelipa zinapofanywa vibaya. Ukaguzi wa viza na chanjo sasa ni jukumu la abiria hadi anapofika uwanjani, mahali ambapo kosa haliwezi tena kurekebishwa. Makosa ya jina, ambayo karani aliyasahihisha kwa kuiangalia pasipoti, sasa hutozwa ada. Haki ya kurudishiwa nauli haijapata sheria ya pamoja ya kanda, ingawa ndege inayotoka Entebbe kwenda Dar es Salaam kwa kupitia Nairobi hupita katika mamlaka tatu ndani ya nusu siku. Leseni ya shirika jipya inaweza kuambatana na sharti la kuweka dhamana ya nauli zilizolipwa kabla ya safari, kama ambavyo mawakala wa IATA wamezoea kutakiwa kuweka dhamana ya mauzo yao. Inashangaza kwamba muuzaji mdogo alitakiwa aweke dhamana kwa ajili ya shirika, na shirika halikutakiwa kuiweka kwa ajili ya abiria.

Mawakala wadogo, kwa upande wao, hawajafa. Waliopona ni wale walioyachukua mabaki ya kazi ya kaunta: vikundi vya Hija na Umra, wanafunzi wanaokwenda India au China, wagonjwa wanaosafirishwa kwa matibabu, na familia zenye tiketi zilizolipiwa na ndugu wa Ghuba au Marekani. Wateja hawa wanaweza kuiona nauli kwenye simu zao, lakini humlipa wakala ili kuwe na mtu wa kupigiwa simu usiku ndege ikiachwa Addis Ababa au Doha. Kamisheni ya shirika imepungua mno au imefutwa; kinachowaweka mjini ni ada inayotoka mfukoni mwa abiria.

Na katika viwanja kadhaa vya kanda hii, mlinzi wa mlangoni bado huomba kuiona tiketi kwenye karatasi kabla ya kumruhusu mtu aingie na mizigo. Ndiyo maana maduka ya steshenari yaliyo karibu na vituo vya daladala na matatu huchapa tiketi za ndege kila siku, ukurasa mmoja au miwili, kwa bei ya kawaida ya kuchapa. Karatasi iliyofutwa mwaka 2008 kwa kuwa iligharimu sekta dola 10 bado ipo, na anayeilipia ni abiria.